Aliyeimba Badala ya Kidevu

Lay Htoo alipomkuta Kidevu amekufa chini ya mti, jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka nyuma kutazama kama kuna aliyemwona. Hapakuwa na mtu. Binti yake Paw Say alikuwa ng'ambo ya kijito akiwafuata mke na watoto wa Kidevu, na Daktari Wilai, mtafiti aliyewaajiri, alikuwa kambini na makaratasi yake. Basi Lay Htoo akachuchumaa, akamgusa yule mzee ubavuni, akakuta amekwisha poa.

Alikuwa dume la giboni, sokwe mdogo wa mitini, mweusi, mikono myeupe hadi kwenye vifundo, na mvi kidevuni zilizompa jina lake. Kwa miaka kumi na minne Lay Htoo alitembea chini huku Kidevu akipita juu. Wawili wakitembea pamoja miaka yote hiyo, hata kama mmoja yuko mitini na hajapata kukuambia neno, huwezi kusema hamjuani. Tangu majira ya baridi Kidevu alikuwa akikohoa na kukonda, na Lay Htoo alikuwa akijifanya haoni.

Sheria ya kazi yao ya kufuatilia giboni ilikuwa wazi. Mnyama akifa usimguse. Mwite Daktari, atapigwa picha, atapimwa, atatiwa kwenye mfuko na kupelekwa mjini. Lay Htoo alichomoa panga akachimba. Alimzika kwa kina cha goti, akapanga mawe juu ili nguruwe mwitu wasimfukue. Wakareni wa kijiji cha Ti Lo Klo husema giboni mmoja akifa misitu saba hukaa matanga, na hakuna mzee wa pale anayekubali maiti ya giboni ipitishwe kijijini begani mwa mtu. Lay Htoo alijiambia kwamba anaheshimu mila. Tusimsingizie, heshima ilikuwepo. Lakini mtu hageuki nyuma mara tatu kwa sababu ya heshima.

Alikuwa anamwogopea mtoto. Asali, mke wa Kidevu, alikuwa na mtoto wa miezi minane tangu azaliwe, aliyembeba tumboni, ameng'ang'ania manyoya usiku na mchana kama wafanyavyo wote. Wawili waliomtangulia walikufa, mmoja kwa baridi na mwingine kwa chatu. Aliyebaki mkubwa ni Pilipili tu, mwenye miaka sita, mtundu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, kama msemo ulivyo, ingawa Ti Lo Klo hakuna msikiti. Asali alikuwa mzee sasa, meno yameisha. Huyu alikuwa kitindamimba wake, na kila mtu kambini alijua hilo.

Na Lay Htoo alijua kinachofuata dume likifa. Alikwisha kuona mara mbili, kwenye makundi ya upande wa maporomoko. Dume kijana huja, humkuta mjane na kichanga kisicho chake, na kabla wiki haijaisha kichanga hakipo. Karatasini Daktari aliandika neno moja tu: ametoweka. Yeye Lay Htoo hakuona kutoweka. Aliona damu kwenye jani.

Dume kijana alikuwepo tayari. Walimwita Kisu. Alifukuzwa na baba yake, akapoteza karibu mwaka mzima akizurura peke yake ng'ambo ya mgongo wa kilima, kila alfajiri akiimba wimbo wa asiye na mke. Kidevu alikuwa akipanda mgongoni pale kumjibu, naye Kisu akabaki upande wake. Maana mpaka wa giboni hauna ua wala jiwe. Mpaka ni sauti, na leo sauti ilikuwa imelala chini ya mawe.

Kesho yake Asali aliimba. Wimbo wa jike huanza chini, hupanda taratibu, hupanda tena hadi unadhani koo litapasuka, kisha hukatika ghafla. Hapo hunyamaza, na dume humalizia. Ndivyo wanavyowaambia majirani kwamba nyumba hii ina wenyewe. Asali aliimba, akanyamaza, akangoja. Hakuna aliyemalizia. Aliimba mara nne. Ilipofika saa tano Lay Htoo alimwona Kisu kwenye matawi ya upande wa huku, mahali ambapo hajawahi kutia mkono, akinusa tawi lililokuwa la Kidevu.

Siku hiyo Lay Htoo hakula. Mkewe Mu Wah alimpakulia uji wa mchele na majani, akauacha ukaganda. Alimwuliza kama anaumwa. Akasema ni joto tu.

Asubuhi iliyofuata alitoka nyumbani gizagiza, akapanda mgongoni, akajibanza nyuma ya mzizi mkubwa wa mkuyu. Asali alipoimba kule bondeni akanyamaza, Lay Htoo aliweka viganja mdomoni akamalizia.

Si kazi ngumu kwa mtu wa Ti Lo Klo. Wavulana wote wa pale hukua wakichunga nyati na kuigiza giboni, na hakuna harusi ambayo pombe ya mchele ikishazunguka watu hawamwombi Lay Htoo aimbe. Wazee husema akianza, mbwa hutazama juu. Lakini Daktari Wilai aliwakataza wafuatiliaji wake wote tangu siku ya kwanza: msituni hakuna kuigiza, hata kwa utani, hata ukiwapoteza. Lay Htoo aliitii amri hiyo miaka kumi na minne.

Ng'ambo, Kisu aliyekuwa amekwisha anza kuimba alikatisha katikati. Kukawa kimya. Kisha matawi yakasikika yakirudi nyuma, yakienda mbali. Lay Htoo aliketi chini nyuma ya mzizi akalia kwa furaha, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu.

Hesabu yake ilikuwa hii. Katika bonde la pili kulikuwa na mikuyu mingi, na matunda yake yangeiva mwisho wa kiangazi. Madume wasio na wake hufuata matunda. Kisu angeenda huko, pengine angepata mke huko huko, na mtoto wa Asali angekuwa amepata nguvu za kuruka mwenyewe. Siku thelathini, akasema, pengine pungufu. Koo la mtu haliwezi kushindwa siku thelathini. Mfa maji haishi kutapatapa, na mwenye kutapatapa huona kila jani ni boriti.

Basi akagawa kazi. Paw Say angefuata mama na watoto kama kawaida, na yeye angefuata dume. Kila jioni aliandika kwenye karatasi: Kidevu, mpakani, anasikika, haonekani. Aliacha tambuu kwa sababu inakwaruza koo, jambo lililomshangaza Mu Wah kuliko lingemshangaza kama angeoa mke wa pili. Alikunywa asali na tangawizi. Alilala mapema. Kila alfajiri alipanda, akangoja Asali, akamalizia.

Kitu kimoja kilimpa moyo. Siku za kwanza Asali alikuwa akiimba kutoka bondeni kabisa, karibu na kijito. Siku ya kumi aliimba kutoka katikati ya mteremko. Siku ya kumi na nne alisikika juu zaidi. Lay Htoo alisema moyoni, mama amepata nguvu, sasa analinda mpaka wake pamoja nami. Alimwona kama mwenzake. Aliamini kabisa kwamba jike yule, aliyelala na Kidevu kwenye matawi mamoja miaka yote ile, anajua wazi kwamba sauti si ya Kidevu, na kwamba ameielewa njama na kuikubali.

Siku ya kumi na saba Paw Say alikuja akaketi mbele ya mzizi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, macho makali kuliko ya baba yake, na ulimi usio na breki.

"Baba," alisema, "Kidevu siku hizi anapumua katikati ya wimbo."

Lay Htoo alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Na juzi alipomaliza, alikohoa halafu akatema mate. Nimefuata giboni miaka mitano sijamsikia hata mmoja anayetema."

"Amezeeka."

"Amekufa lini?"

Alimtazama binti yake, akaona hana pa kukimbilia. Akamweleza yote: mawe, Kisu, mikuyu ya bonde la pili. Alieleza haraka haraka kama mtoto aliyevunja chungu. Paw Say alimsikiliza akichora chini kwa kijiti. Alipomaliza, binti hakumgombeza, na hilo lilimtia hofu zaidi.

"Sawa, Kisu umemdanganya," alisema. "Na Asali je?"

"Asali anajua."

"Anajua nini?"

"Mke hajui sauti ya mumewe? Anajua si yeye. Ananiitikia kwa sababu ananielewa."

"Baba, mimi ndiye ninayekaa chini yake kutwa. Hali chakula vizuri. Kila ukimaliza kuimba anaganda, anatazama huku. Halafu anasogea. Jana alilala kwenye mti wa nta, pale chini ya jabali. Hajawahi kulala pale. Anakutafuta wewe."

"Analinda mpaka wake."

"Mwenye kichanga halindi mpaka. Hilo ulinifundisha mwenyewe."

Alikuwa amemfundisha, kweli. Lakini kuna maneno ambayo mtu akiyakubali lazima alale chini asiamke tena, na Lay Htoo hakuwa tayari kulala. Akamwambia binti yake kwamba matunda yamebakiza wiki moja. Akamwomba, yeye baba akimwomba mtoto, mikono kifuani, asimwambie Daktari. Akiambiwa, ataamuru waache mambo yaende yanavyokwenda, na Kisu atashuka siku hiyo hiyo. Paw Say alisema haya, wiki moja. Aliinuka akajikung'uta majani. Aliongeza kwamba kama ni kuimba basi aimbe vizuri, maana hata kuku wa jirani angejua yule anapumua kama mpanda baiskeli. Lay Htoo alicheka kidogo, na hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho mwezi ule.

Siku ya ishirini na mbili ilikuwa siku ya kuchoma mashamba. Ti Lo Klo hawachomi kila mtu kwa wakati wake. Wazee huchagua siku, kijiji kizima husafisha njia za moto, na kila nyumba hutoa mwanamume wa kuwasha kona yake na kuilinda mpaka izime, maana moto ukiruka ukaingia msituni aibu ni ya nyumba iliyokosa mtu. Lay Htoo alijaribu kukwepa. Mu Wah alimwuliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, kama ameuoa msitu. Akaenda. Aliwasha kona yake mchana, upepo ukageuka, moto ukalamba kuelekea mianzi ya juu, na yeye na wengine sita wakaupiga kwa matawi mabichi hadi jua lilipozama. Moto haukuingia msituni. Moshi wote aliumeza yeye.

Usiku Mu Wah alimkanda kifua kwa mafuta na kumnywesha tangawizi. Alipojaribu kusema ahsante, ikatoka pumzi tupu. Mkewe akasema afadhali, walau leo nyumba itapumzika. Hakujua alichokisema.

Kulikuwa na njia nyingine. Angeweza kubaki kitandani. Ukimya wa asubuhi moja si lazima umalize kila kitu. Lakini alifikiri: akinyamaza leo, Kisu atashuka. Alfajiri akapanda.

Moshi wa mashamba ulikuwa umelala bondeni, jua halikutoka vizuri, na msitu wote ulinuka majivu. Kisu aliimba wa kwanza, karibu kuliko siku zote. Kisha Asali akaimba. Lay Htoo alishtuka, kwa sababu sauti haikutoka bondeni wala katikati ya mteremko. Ilitoka nyuma yake, miti miwili mitatu tu. Asali alikuwa amefika kileleni. Akanyamaza, akangoja.

Lay Htoo akaweka viganja mdomoni. Noti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikavunjika na kuwa mkoromo. Akameza mate, akajaribu tena. Safari hii ikatoka sauti nyembamba inayotetemeka, sauti ya kitu kinachokufa. Kwa kweli hakuna giboni duniani angeisikia asielewe maana yake: hapa pana dume, na dume hili linakata roho.

Wote wawili wakaja. Kisu alikuja kwa sababu mwenye nyumba amedhoofika. Asali alikuja kwa sababu mumewe, aliyemsikia siku ishirini na mbili bila kumwona, yuko taabani.

Alifika yeye kwanza. Alitua kwenye tawi lililo juu kabisa ya mzizi, mtoto tumboni, Pilipili nyuma yake akilalama. Alitazama tawi hili, akatazama lile. Alitoa ule mlio mfupi laini wanaoutoa wakikaribiana jioni kabla ya kulala, mlio ambao Lay Htoo alikuwa ameuandika maelfu ya mara bila kufikiri kwamba una anayeambiwa. Alirudia. Kisha akatazama chini, akaona mtu ameinama, viganja mdomoni.

Walitazamana. Lay Htoo hakuondoa mikono, alisahau kwamba anayo. Baadaye alimwambia Paw Say kwamba katika muda ule mfupi alielewa mambo yote, na kwamba asingependa binadamu yeyote aelewe kitu kwa namna ile.

Kisu alitokea kulia, kama jiwe la teo. Asali aliruka. Kisu akamfuata, wakazunguka mkuyu mara mbili kwa kasi isiyofuatika kwa macho, majani yakimwagika. Pilipili alipiga mayowe, akamrukia Kisu mgongoni, akatupwa. Lay Htoo alipata sauti yake hapo, sauti ya mtu sasa, akapaza kwa Kikareni, toka, toka, akirusha vijiti na magome na kiatu chake kimoja. Kisu alimfikia Asali kwenye uma wa tawi. Mikono minne ikavutana. Kitu kidogo kikaanguka kikigonga tawi moja, kisha lingine, kikatua kwenye majani makavu hatua tano kutoka alipokuwa amesimama.

Paw Say alipofika akihema kutoka bondeni, alimkuta baba yake amepiga magoti, amekipakata kichanga. Ule mduara mweupe unaozunguka uso wa giboni ulikuwa haujakamilika bado, umeanza tu juu ya nyusi. Lay Htoo alikuwa anakipuliza puani, kidogo kidogo, kama anavyopuliza mkunga. Paw Say alimwacha apulize mpaka yeye mwenyewe akaacha.

Juu, Kisu alikuwa amekaa mbali kidogo, akijikuna. Asali alikuwa akishuka. Giboni hashuki chini bila sababu kubwa, na huyu alishuka hadi kwenye matawi ambayo mtu angeyashika kwa mkono. Paw Say akanong'ona kwamba anamtaka mwanawe. Lay Htoo akanyoosha mikono kumpa. Asali alimtazama, hakusogea. Hakutaka kukipokea kutoka mikononi mwa mtu. Basi Lay Htoo akakilaza juu ya gogo lililoanguka, wakarudi nyuma hatua ishirini, na hapo ndipo Asali alipokuja akakichukua, akakibandika tumboni, akakishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu chenyewe hakikuweza tena kushikilia.

Daktari Wilai alipelekwa kuona mawe. Alikuwa Mthai wa mjini, mwembamba, msema kidogo, aliyeanza kazi ile akiwa msichana na sasa mvi zimemwingia. Aliuliza tarehe. Alifungua faili, akatoa karatasi za siku zote hizo, akazipanga juu ya meza moja moja.

"Siku ishirini na tatu, mzee Lay," alisema. "Siku ishirini na tatu umeniandikia mzimu."

"Nilitaka mtoto aishi."

"Najua."

"Ningekuambia, ungenikataza."

"Ningekukataza. Na ungeniuliza kwa nini, ningekuambia. Mjane huifuata sauti ya mumewe popote inapotoka. Tuliwahi kuona hivyo kule mashariki, tulipopiga wimbo wa dume kwa kinasa sauti, kabla hujaanza kazi. Ndiyo maana niliwakataza kuigiza. Nilidhani nimewaeleza." Alinyoosha pembe ya karatasi moja. "Labda sikuwaeleza. Labda niliwaamuru tu."

Lay Htoo alingoja afukuzwe. Alitamani afukuzwe. Alikuwa amekwisha vua beji na kuiweka mezani. Daktari aliirudisha kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza upande wake. Alisema Asali sasa anawakimbia watu wote, hata Paw Say, na ni Lay Htoo peke yake anayemruhusu kukaa chini ya mti wake. Kwa nini, yeye Daktari hajui, na asingependa kubahatisha. Kwa hiyo Lay Htoo ndiye atakayemfuata Asali. Ataandika kila dakika kumi, kilichopo tu, na hatatoa sauti.

Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, kama ilikuwa adhabu. Siku ya kwanza Asali alibeba mwanawe kutwa bila kula. Siku ya pili nzi walikuja, akawa anawafukuza. Siku ya tatu asubuhi kichanga kiliachwa kwenye uma wa tawi, na jioni alirudi mara mbili kukitazama, kisha hakurudi. Kisu alimfuata kila mahali kwa umbali wa mti mmoja. Hakuwa mkatili sasa, alikuwa mpole hata. Pilipili, aliyemrukia mgongoni, siku ya nne alikuwa tayari anacheza naye kuvutana miguu. Paw Say aliona akakasirika, akasema watoto wa giboni hawana haya. Lay Htoo aliandika: dume jipya na kijana, mchezo, dakika kumi na mbili.

Nyumbani alikuwa haongei. Koo lilikuwa limepona, lakini watu walipomsalimu alijibu kwa kichwa. Harusi ya mpwa wake ilifika, pombe ikazunguka, mtu mmoja asiyejua kitu akamwomba aimbe. Mu Wah aliinuka akamjazia yule mtu kinywa cha wali, akamshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani. Njiani Lay Htoo alimwambia mkewe kwamba amemuua mtoto wa watu. Mu Wah hakumwambia kwamba si kweli. Walikuwa wameoana muda mrefu mno kwa maneno ya namna hiyo. Alimshika tu mkono mpaka mlangoni.

Siku ya tisa Asali aliimba.

Alikuwa kwenye mti mrefu chini ya jabali, Kisu tawi la pili, Pilipili juu. Lay Htoo alikuwa chini, daftari gotini. Wimbo ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, ukakatika. Kukawa na ule ukimya. Kisu alinyoosha shingo, akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa ameimba peke yake maisha yake yote, hakujua bado mahali pa kuingilia. Ukimya ukaendelea. Asali hakumtazama Kisu. Aligeuza kichwa polepole, akatazama chini, akamtazama Lay Htoo usoni, akangoja.

Lay Htoo alitia ngumi mdomoni akaiuma.

Asali aliimba mara sita. Kila alipokatisha, alitazama chini. Mara ya sita alitazama muda mrefu zaidi, kisha akageukia shina, akaegemeza paji la uso, akaacha. Damu ilikuwa inamtiririka Lay Htoo kwenye kifundo cha mkono. Aliifuta kwenye suruali, akashika kalamu, akatazama saa.

Aliandika: saa moja na dakika kumi, jike ameimba. Hakuna aliyemjibu.